Kugawa Sahani na Kupanga Sufuria: Mwongozo wa Mlo wa Kila Siku kwa Majiko ya Moshi na Arusha

Mkazi wa Moshi au Arusha hana haja ya kutafuta chakula kigeni ili apate mlo uliokamilika. Ndizi, mahindi, maharage, magimbi, maziwa, mnafu, loshuu na parachichi hulimwa au kukamuliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na dagaa wanaotoka maziwani hawakosekani katika masoko ya Mbuyuni, Kiboriloni, Kilombero wala Tengeru. Kasoro ya milo yetu mingi haiko katika aina ya chakula bali katika kiasi cha kila kimoja: wanga hujaza sahani, mboga za majani husogezwa pembeni, na kipande cha nyama huwekwa juu kama pambo. Hatua zifuatazo zinalenga kurekebisha uwiano huo kwa kutumia vyakula vilevile vilivyozoeleka, bila mizani ya jikoni na bila kununua unga wa kopo unaotangazwa kuwa ni wa lishe.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye afya ya kawaida. Anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari, mwenye ugonjwa wa figo na mama mjamzito wanapaswa kwanza kuonana na mtaalamu wa lishe katika kituo cha afya, kwa kuwa kwao kupunguza wanga au kuongeza protini ghafla kunaweza kuleta madhara.

Hatua ya kwanza: Tambua kila chakula kiko katika kundi gani

Kundi la wanga lina wanachama wengi kuliko watu wanavyodhani. Humo mna ugali, wali, ndizi za kupika za kila aina kuanzia mchare hadi mzuzu, viazi mviringo, viazi vitamu, magimbi, mihogo, chapati, mkate, maandazi, tambi na mahindi ya kuchoma. Viazi vilivyokatwa ndani ya mchuzi wa nyama havigeuki kuwa mboga kwa sababu vimo kwenye mchuzi. Anayekula wali kwa mchuzi huo anakula wanga juu ya wanga, na ndivyo ilivyo pia kwa anayekula ndizi za nyama pamoja na kipande cha mkate.

Protini hupatikana katika nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai na maziwa, na vilevile katika maharage, choroko, dengu, mbaazi, kunde, njegere na karanga. Maharage na jamii yake yote yanastahili kuangaliwa kwa namna ya pekee, kwa sababu yanabeba protini, wanga na nyuzinyuzi kwa pamoja. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina takriban gramu 15 za protini na zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi, na hakuna nyama inayoweza kutoa hicho cha pili, kwa kuwa vyakula vya asili ya wanyama havina nyuzinyuzi kabisa.

Mboga ni mchicha, mnafu, loshuu, figiri, sukuma wiki, majani ya maboga, tembele, kabichi, karoti, bamia, ngogwe, bilinganya na nyanya. Matunda hayana ugumu isipokuwa moja. Parachichi huuzwa pamoja na matunda, lakini katika hesabu ya mlo lihesabiwe pamoja na mafuta: nusu ya parachichi la kadiri, yaani kama gramu 100 za nyama yake, ina takriban gramu 15 za mafuta, karibu gramu 7 za nyuzinyuzi na sukari kidogo sana. Ni chakula kizuri mno, na mikoa hii miwili imejaliwa kulizalisha kwa wingi, ila anayelila zima juu ya wali wa mafuta ajue kwamba ameongeza mafuta mara ya pili.

Hatua ya pili: Pima kwa mkono wako mwenyewe

Mkono una faida moja kubwa ambayo kikombe hakina: mtu mwenye umbo kubwa huwa na mkono mkubwa, na mtoto ana mkono mdogo, hivyo kipimo hujirekebisha chenyewe. Kwa mlo mmoja wa mtu mzima, wanga uliopikwa uwe sawa na ngumi yake moja. Nyama au samaki vilingane na kiganja chake bila vidole, kwa upana na kwa unene. Mboga zijaze viganja viwili vilivyokingwa pamoja. Na mafuta yasizidi ukubwa wa kidole gumba. Tunda moja la ukubwa wa ngumi, au kipande cha papai chenye ukubwa huo, ni kiasi kimoja.

Ngumi moja ya ugali inaonekana ndogo mno kwa macho yaliyozoea mlima, kwa hiyo inafaa tuifanyie hesabu. Ngumi hiyo ina uzito wa takriban gramu 250, ambazo ndani yake kuna unga mkavu wa kama gramu 75 na maji yaliyobaki, na unga huo hutoa karibu kilokalori 270. Nyumba inayosonga kilo moja ya unga kwa watu wanne inampa kila mmoja robo kilo, yaani zaidi ya ngumi tatu na karibu kilokalori 900 kabla hajagusa mchuzi. Kwa mtu ambaye mwili wake unahitaji kama kilokalori 2,000 kwa siku nzima, mlo huo mmoja wa ugali mtupu umekwishachukua karibu nusu.

Hapo ndipo kazi ya mtu inapoingia. Mgumu, yaani mpagazi anayepandisha mizigo ya watalii Kilimanjaro, fundi mwashi na mkulima anayelima kihamba (shamba la migomba la nyumbani) kwa jembe la mkono wanahitaji ngumi mbili hadi tatu, nao wakilazimishwa kula moja watachoka kabla ya saa sita. Karani, dereva, mwenye duka na mwanafunzi anayekaa darasani kutwa wanatosheka na moja au moja na nusu. Kosa la kawaida ni mtu aliyehama shamba akaingia ofisini huku sahani yake ikibaki ya shambani.

Ili usilazimike kukunja ngumi mbele ya wageni, fanya kipimo mara moja tu. Chukua kikombe cha kawaida cha mililita 250, kijaze wali au maharage kwa upawa wa nyumbani kwako, na uhesabu ni pawa ngapi zimeingia. Kuanzia siku hiyo upawa huo ndio mizani yako, kwa kuwa kikombe kimoja kinakaribiana na ngumi moja.

Hatua ya tatu: Pakua kwa kuanza na mboga

Sahani ya kawaida, ile ya duara isiyo sinia, igawanywe kwa macho katika nusu na robo mbili. Nusu ni ya mboga, robo moja ni ya protini na robo nyingine ni ya wanga. Anayefanya kazi nzito aongeze robo ya wanga hadi ifikie theluthi au zaidi kidogo, lakini asiifute nafasi ya mboga.

Ugumu hauko katika kuelewa mgawanyo huo bali katika mpangilio wa kupakua. Tumezoea kuanza na wali au ugali, kisha kutafuta mahali pa kuweka vingine, na matokeo yake ni kwamba vingine havipati mahali. Anza na mboga, weka nyama au maharage, na wanga uje mwisho uchukue nafasi iliyobaki. Badiliko hili dogo, kwa maoni yangu, lina manufaa kuliko mafunzo yote ya kuhesabu kalori, kwa sababu halihitaji kukumbuka namba yoyote. Tazama meza ya sherehe yoyote ya harusi au kipaimara: sahani zimewekwa upande wa pilau, baada ya pilau ni wali mweupe, halafu ndizi, viazi na tambi, na kachumbari iko mwisho kabisa mahali ambapo mgeni anafika akiwa na sahani iliyofurika. Hakuna kinachomzuia mgeni kuzunguka upande wa pili kwanza.

Penye ugali unaoliwa kutoka sahani moja ya pamoja kuna tatizo jingine, kwamba hakuna anayejua amekula kiasi gani. Dawa yake ni kukata sehemu ya kila mtu wakati ugali ungali wa moto, na kila mmoja akale kwenye sahani yake. Wazee wengine wataona ni uchoyo, na si vibaya kuwaeleza kwamba kinachobaki kitaliwa kesho asubuhi kwa maziwa.

Hatua ya nne: Vyakula vya sufuria moja vipangwe kabla havijabandikwa

Hapa ndipo miongozo mingi iliyoandikwa kwa watu wa mbali hushindwa kutusaidia, kwa sababu inadhani kila mlo una sehemu tatu zinazoweza kutenganishwa kwenye sahani. Mtori na machalari (ndizi na nyama), kiburu (ndizi na maharage), makande (mahindi na maharage) na loshoro (mahindi na maziwa ya mgando) haviwezi kugawanywa kwa nusu na robo. Vikishaiva, uwiano umekwishaamuliwa. Basi uwiano huo upangwe wakati wa kumenya na kupima, sufuria ikiwa bado haina moto.

Tuanze na ndizi, kwa sababu ndizo zinazodanganya zaidi. Gramu 100 za ndizi za kupika zilizochemshwa zina karibu gramu 30 za wanga na gramu moja tu ya protini. Katika jambo hili ndizi ni maskini kuliko mahindi, ambayo unga wake una takriban gramu 8 za protini katika kila gramu 100. Mla ndizi kwa hiyo anahitaji kitoweo cha kutosha kuliko mla ugali. Chukua machalari au mtori uliopikwa kwa kilo moja ya ndizi zilizomenywa na robo kilo ya nyama kwa watu wanne: kila mtu anapata wanga wa gramu 75 hivi, na protini ya nyama isiyofika gramu 13 hata kama robo hiyo haikuwa na mfupa; ikiwa na mfupa, na nyama ya mtori kwa kawaida huwa nao, protini ni pungufu zaidi. Tumbo litajaa, kwa kuwa mtori ni mzito, lakini kabla ya jioni mtu atakuwa anatafuta andazi.

Marekebisho yako ya aina tatu, na unaweza kuchagua kulingana na mfuko. La kwanza ni kupunguza ndizi hadi robo tatu ya kilo na kuongeza nyama ifike nusu kilo. La pili, lililo rahisi kwa mwenye ng'ombe, ni kuweka vikombe viwili vya maziwa wakati wa kuponda, ambavyo huongeza gramu 16 za protini kwenye sufuria. La tatu ni kuacha nyama ibaki robo na kupika maharage pembeni. Katika njia zote tatu, mnafu au kabichi viandaliwe kwenye sahani ya pili, kwa sababu karoti moja na kitunguu kilichopotelea ndani ya mtori si kiasi cha mboga cha watu wanne.

Kiburu, kwa kuwa kina ndizi na maharage, kinakaribia uwiano mzuri kwa asili yake. Weka kikombe kimoja cha maharage yaliyochemshwa kwa kila mlaji, na ndizi nne au tano za wastani za mchare kwa mtu mmoja zitakuwa zimepata mwenzake.

Makande nayo ni somo zuri la jinsi wapishi wa zamani walivyofika mahali ambapo wanasayansi walifika baadaye. Protini ya mahindi ina upungufu wa kirutubisho kinachoitwa laisini, na protini ya maharage inacho kwa wingi; maharage yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikiliwa pamoja vinafidiana, na mlo unapata protini bora bila nyama. Tatizo huja pale mahindi yanapokuwa debe na maharage yanapokuwa bakuli. Mahali ambapo ulizoea kupima vikombe viwili vya mahindi kwa kimoja cha maharage, pima kimoja kwa kimoja, na utakuwa umeongeza protini na nyuzinyuzi kwa pamoja. Ikiwa mahindi yamekobolewa, basi maharage yazidi kidogo.

Loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, ipendwayo na wenyeji wa Arusha, ina protini nzuri ya maziwa ikiwa maziwa hayakubaniwa, lakini ina nyuzinyuzi chache kwa kuwa mahindi yake huwa yamekobolewa. Sahani ya loshuu pembeni, au tunda zima baada ya kula, inaziba pengo hilo.

Neno moja kuhusu magadi, kwa kuwa hayakosekani kwenye jiko la makande na kiburu. Magadi huharakisha kuiva, hilo ni kweli, lakini huharibu sehemu ya vitamini B1 iliyomo kwenye maharage na huongeza sodiamu mwilini. Aidha, magadi ya kanda hii mara nyingi yana floraidi nyingi, nayo maji ya maeneo kadhaa yanayouzunguka Mlima Meru yana floraidi iliyozidi tayari, ile inayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Kuloweka maharage na mahindi usiku kucha, kumwaga maji yale na kuchemsha kwa maji mapya kunafanya kazi ileile, na kunapunguza gesi tumboni. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi mwanzoni, yasipikwe kwa moto mdogo tangu mwanzo.

Hatua ya tano: Hesabu nyuzinyuzi kuanzia mashineni

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, limependekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku na gramu 400 za mboga na matunda. Nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, hulisha bakteria wema wa utumbo na hurahisisha choo. Mla maharage na mboga hupata kiasi hicho bila shida. Mla wali mweupe, nyama na soda hakifikii hata akila sana, kwa kuwa kikombe kizima cha wali mweupe hakina hata gramu moja kamili.

Uamuzi mkubwa hufanyika kwenye mashine ya kusaga. Unga wa dona una takriban gramu 7 za nyuzinyuzi kwa kila gramu 100, na mahindi yakikobolewa kuwa sembe hubaki nusu ya hizo au pungufu, huku sehemu kubwa ya mafuta na vitamini vya kiini ikienda kwa mifugo pamoja na pumba. Wasioipenda dona kwa rangi au ladha yake wanaweza kuanza kwa kuchanganya nusu kwa nusu. Hata hivyo dona ina sharti lake: kwa kuwa hakuna kinachotolewa, ubora wa mahindi ndio ubora wa unga. Nunua mahindi makavu kwa sado, yamwage kwenye ungo, ondoa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kisha ndipo uyapeleke mashineni. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kupikwa. Karanga pia zichambuliwe hivyohivyo, na ile iliyosinyaa au yenye uchungu itupwe bila huruma.

Mboga za majani hupungua sana zikiiva. Vikombe vinne hadi sita vya majani mabichi ya mchicha hutoa kikombe kimoja tu jikoni, kwa hiyo fungu linaloonekana kubwa sokoni huenda likawa la mtu mmoja. Nunua zaidi ya unavyodhani. Matunda yaliwe mazima badala ya kukamuliwa, kwa kuwa kikombe cha juisi huchukua machungwa matatu au manne, kikaacha nyuzinyuzi kwenye chujio na kubaki na sukari.

Ongeza nyuzinyuzi polepole kwa muda wa wiki mbili au tatu na unywe maji ya kutosha. Anayehama siku moja kutoka sembe na nyama kwenda dona na maharage mara mbili kwa siku atapata tumbo la kujaa, na atalaumu ushauri badala ya haraka yake.

Hatua ya sita: Igawe protini, isisubiri usiku

Kipimo kinachotumiwa na wataalamu kwa mtu mzima mwenye afya ni takriban gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 50, na mwenye kilo 75 anahitaji kama gramu 62. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maziwa kina gramu 8, kiganja cha nyama iliyoiva kina gramu 22 hadi 26, konzi ya karanga ina gramu 7, na konzi ya dagaa wakavu wenye uzito wa gramu 30 ina gramu 15 hadi 18. Mwenye kipato kidogo afahamu kwamba dagaa na maharage ndivyo vinavyotoa protini nyingi kwa fedha ndogo, tena dagaa akiliwa na mifupa yake huongeza kalisi.

Mlo unaosahaulika ni wa asubuhi. Chai ya rangi na maandazi mawili ni unga uliokobolewa, sukari na mafuta. Hakuna protini ya maana na hakuna nyuzinyuzi. Yai la kuchemsha, maziwa kwenye chai, maharage yaliyobaki jana au karanga kwenye uji wa ulezi vinatosha kuubadilisha mlo huo. Supu ya ng'ombe kwa chapati, inayopendwa sana na madereva, ina protini ya kutosha, na kinachokosekana ni tunda.

Kwa wanaotegemea maharage na mboga kupata madini ya chuma, chai na kahawa zisinywewe pamoja na mlo, kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa. Ziachwe saa moja hivi. Kipande cha limau juu ya mboga au chungwa baada ya kula husaidia chuma hicho kuingia.

Hatua ya saba: Sukari na mafuta

Gramu moja ya wanga au protini hutoa kilokalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti kina kilokalori 120, kwa hiyo mafuta yapimwe kwa kijiko na yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye chai, mara tatu kwa siku, ni gramu 36, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa kilokalori 2,000 ni gramu 25 hivi. Chupa ya soda peke yake huvuka gramu 30. Mbege nayo ihesabiwe, kwa kuwa imetokana na ndizi na ulezi, na ina nishati ya kileo juu ya ile ya wanga.

Hatua ya nane: Unapokula nje ya nyumbani

Kwa mama lishe uwezo wa kuchagua ni mkubwa kuliko watu wanavyofikiri, mradi useme kabla hajapakua. "Mama, naomba unipunguzie wali, uniongezee maharage na mboga" ni sentensi ambayo haiongezi bei katika vibanda vingi, kwa kuwa anachobakiza kwenye wali anakirudisha kwenye maharage. Sehemu za nyama choma, robo kilo ya nyama yenye mifupa na kachumbari ya kutosha inamfaa mtu mmoja, pamoja na ndizi mbili za kuchoma. Chipsi mayai ni wanga uliozama kwenye mafuta. Ikiwa lazima iliwe, iliwe na watu wawili, na kila mmoja awe na kachumbari yake.

Hatua ya tisa: Siku moja kamili

Chukua mtu wa kilo 60 anayefanya kazi dukani mjini Moshi. Asubuhi ale mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu chenye ukubwa wa ngumi, robo ya parachichi na chai ambayo nusu yake ni maziwa. Hapo amepata protini ya gramu 20 na nyuzinyuzi za gramu 9 hivi. Mchana ale ngumi moja ya ugali wa dona, kikombe cha maharage, mnafu wa viganja viwili na kipande cha papai, na ataongeza protini ya gramu 25 na nyuzinyuzi karibu 20. Usiku ale kikombe kimoja cha ndizi za kupika, nyama ya kiganja na kabichi yenye karoti, ambavyo vina protini ya gramu 26 na nyuzinyuzi kama 9.

Jumla yake ni protini takriban gramu 70 na nyuzinyuzi karibu 40, wakati mahitaji yake yalikuwa 50 na 25. Maana yake ni kwamba nyama ya usiku inaweza kupunguzwa kwa nusu na bado hesabu ikatosha, na fedha hiyo ikanunua matunda. Watoto wadogo wasiwekewe kipimo hiki. Tumbo lao ni dogo na hujazwa haraka na nyuzinyuzi, hivyo wapewe milo midogo mara nyingi zaidi, na uji wao uongezewe maziwa au karanga iliyosagwa.

Hatua ya kumi: Rekebisha kwa kusikiliza mwili

Baada ya wiki tatu hivi, angalia dalili na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukisikia njaa kali kabla ya saa tano asubuhi, ongeza yai au maziwa kwenye kifungua kinywa, usiongeze andazi. Ukisinzia kila baada ya chakula cha mchana, punguza nusu ngumi ya wanga na uongeze mboga. Choo kikiwa kigumu ilhali unakula dona na maharage, kinachopungua huenda ni maji. Ukikonda bila kukusudia, ongeza wanga kwanza, kisha parachichi na karanga. Na ikiwa bado unakonda, nenda ukapimwe. Nguo zikianza kubana kiunoni, anza kwa kupunguza mafuta ya kukaangia na sukari ya chai, kisha nusu ngumi ya wanga wa usiku, na uache protini na mboga kama zilivyo.